Pumba za Mke Mwenza

Harufu ndiyo iliyowapokea. Hawajafika hata kwenye lango la mashine ya kusaga, tayari ilikuwa imewaingia puani, ikashuka kooni na kukaa hapo kama kitu kinachosubiri kumezwa: harufu ya nafaka iliyochacha, ya mate yaliyolala, na chini yake harufu ya kitu kinachooza polepole mahali pasipopita hewa. Bwana Mifugo akatoa leso mfukoni. Msaidizi wake hakuwa na leso, akabana pumzi.

Msaidizi huyo alikuwa msichana ambaye nyumbani kwao walimwita Kinyaa. Jina alipewa na binamu zake tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kukagua kikombe kabla ya kunywa, na wa kukimbia sebuleni mtu akipenga kamasi. Siku aliposema anakwenda chuoni kusomea afya ya mifugo, nyumba nzima ilicheka mpaka mjomba wake akapaliwa. "Kinyaa atibu ng'ombe," walisema. "Labda ng'ombe aoge kwanza." Alisoma, akafaulu vizuri, zaidi kwa daftari kuliko kwa mikono. Sasa alikuwa na mwezi wa nne katika ofisi ya mifugo ya mji, na punda waliyeitiwa siku hiyo ya Jumatatu alikuwa wa mjomba wake mwenyewe.

Mjomba huyo, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea. Watu wa mtaa walimwita Mwenye Mashine. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye nyusi nyeupe kwa unga, na mapenzi yake yote yalipitia kwenye chakula. Ukiumwa, anakulisha. Ukifaulu, anakulisha. Ukimkosea, anakulisha kwanza ndipo akuseme. Punda wake jike alimpenda kiasi kwamba mke wake alimpa mnyama yule jina la Mke Mwenza. "Mwenzangu huyu anaandaliwa akiwa bado kitandani," alikuwa akisema. "Mimi najipakulia." Watu wengine husema punda afe mzigo ufike. Mjomba aliigeuza: mzigo ubaki, punda afike. Mvua ikinyesha alimvua punda magunia na kuyabeba mwenyewe.

Mke Mwenza alikuwa amefungwa chini ya bati, nyuma ya chumba cha mashine. Kinyaa alikuwa hajamwona kwa miezi mingi, na alipomwona alirudi hatua moja nyuma. Uso ulikuwa umevimba kutoka chini ya macho hadi karibu na matundu ya pua, kama vile mtu amempenyezea viazi viwili chini ya ngozi. Machozi yalikuwa yamechimba mifereji miwili kwenye manyoya, na kando ya mifereji hiyo nzi walikuwa wamejipanga kama ng'ombe mtoni. Alipovuta pumzi alikoroma akiwa macho. Pembeni mwa mdomo ulining'inia ujiuji wa kijivu, ukirefuka, ukirefuka, kisha ukakatika na kuanguka kwato zake zilipo. Nzi wakahama.

"Maradhi ya kamasi," alisema Bwana Mifugo akiwa langoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vyake amevionea huruma. "Yanaua punda na farasi, na yanahamia kwa watu. Majirani wameandika barua, na wana haki."

"Hebu ingia umwone, bwana," alisema mjomba.

"Namwona."

"Basi mshike."

"Mzee, macho yangu yamesoma. Hayahitaji mikono."

Akaweka fomu juu ya tangi la pikipiki yake. Fomu ile ilikuwa na mstari uliosema mnyama amechunguzwa kwa kushikwa, na mbele yake kisanduku. Bwana Mifugo akatia alama kwenye kisanduku. Akaandika: auawe, azikwe, Alhamisi asubuhi. Akasaini, kisha akampa Kinyaa kalamu, maana amri ya kuua ilitaka sahihi mbili.

Kinyaa alikuwa na haya. Mbele ya mkubwa wake sauti yake ilikuwa ikijificha kama panya. Lakini si haya iliyomfanya asaini. Alisaini kwa sababu ujiuji mwingine ulikuwa umeanza kurefuka mdomoni mwa punda, na alijua kwamba kadiri atakavyomaliza haraka ndivyo atakavyoondoka haraka.

Mjomba hakumtazama Bwana Mifugo. Alimtazama yeye.

"Na wewe pia, mwanangu?"

"Pole, mjomba," alisema Kinyaa, na hata hilo alilisema bila kufungua mdomo vizuri, harufu isije ikaingia.

Jioni ile, katika chumba chake cha kupanga, alinawa mikono mara tatu. Alipokuwa anainawa mara ya nne akasimama. Mikono ilikuwa haijagusa kitu. Alikuwa anasugua viganja ambavyo siku nzima vilishika kalamu tu. Akahisi kichefuchefu kikirudi, ila safari hii hakikutoka kwa punda. Kilikuwa kinatoka humuhumu.

Akakaa kitandani, akajilazimisha kumkumbuka Mke Mwenza jinsi alivyokuwa, bila kugeuza uso wa mawazo. Uvimbe. Ulikuwa pande zote mbili, tena sawasawa, kulia kama kushoto. Usaha hauna adabu hiyo. Usaha hutunga upande mmoja. Miguu. Punda alikuwa akiinua mguu huu, akautua, akainua ule, kama mtu aliyesimama juu ya changarawe za moto. Na nyuma yake, mpaka karibu na bati, lundo la pumba za mahindi.

Lile lundo halikuwapo zamani. Mjomba alikuwa na mashine ya kusaga tu. Mwaka uliopita akaongeza ya kukoboa, kwa sababu kila mtu alitaka unga mweupe, na desturi ya mashine ni kwamba ukikoboa mahindi yako, punje unaondoka nazo na pumba unamwachia mwenye mashine. Kwa hiyo pumba zikalundikana, na mjomba, asiyeweza kuona chakula kikikaa bila mdomo, akapata mdomo.

Kinyaa akamkumbuka mwalimu wake wa chuo, mama mmoja mkali aliyekuja darasani na taya la farasi kwenye sanduku. Farasi wa kinu, alisema, wa mtu aliyempenda sana. Taya lile lilikuwa jepesi kama ganda la boga, limejaa vitundu, na mwalimu alilikata kipande kwa kisu cha mezani mbele yao. Kisha akalipitisha mkono kwa mkono. "Shikeni," alisema. "Hili somo haliingii kwa macho." Lilipomfikia Kinyaa, alilipokea kwa karatasi, akalisukuma kwa mwenzake.

Alikuwa amepata alama ya juu kabisa katika mtihani wa somo lile.

Jumanne, baada ya kazi, alikwenda peke yake. Mkewe mjomba alikuwa mlangoni akipepeta, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usio na mfupa.

"Karibu, mama wa sahihi," alisema. "Umekuja kumuaga marehemu?"

"Nimekuja kumshika, mama."

Yule mwanamke akaacha kupepeta. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaona glavu mfukoni na beseni mkononi. "Wewe?" alisema. "Subiri nimwite mume wangu. Hili hataki kulikosa."

Mjomba alitoka chumba cha mashine akiwa mweupe mwili mzima. Alimshika Mke Mwenza hatamu, akamwambia maneno ya chini chini sikioni, na Kinyaa akasogea.

Kwanza alibonyeza shavu. Alitegemea mfupa, na mfupa haukuwapo. Kidole kilizama kidogo, kikarudishwa, kama vile amebonyeza boga lililolala juani. Akapapasa chini ya taya kutafuta mitoki, zile tezi zinazovimba kwa maambukizi; haikuvimba. Akafungua tundu la pua, akamulika na tochi. Ndani hamkuwa na kidonda hata kimoja, ila njia imebanwa na uvimbe, nyembamba kama ufa wa mlango. Machozi yalimwagika nje kwa sababu hiyo hiyo. Mfereji wake wa ndani umezibwa.

Kisha ukaja mdomo. Alivuta ulimi pembeni kama alivyofundishwa, mkono wa pili ukaingia. Joto. Utelezi. Katikati ya shavu na magego kulikuwa na furushi la pumba zilizotafunwa na kuachwa, siku nyingi, zimeumuka, na lilipoguswa likapasuka na kumwaga maji yake kwenye kiwiko chake, juu ya glavu, yakatiririka ndani. Hapo ndipo harufu yote ilipokuwa ikizaliwa. Akalishika gego. Likacheza. Likaenda huku na huku kama kigingi kwenye matope, na Mke Mwenza akatoa sauti ambayo Kinyaa hakuwahi kuisikia kwa punda, sauti ndogo, ya kuomba.

Alitoa mkono, akatembea kwa heshima mpaka nyuma ya magunia, akatapika.

"Hapo hapo kuna unga wa mteja," alisema mkewe mjomba.

"Samahani, mama."

"Tapika upande wa pumba."

Alirudi akijifuta mdomo. Akamwomba mjomba amshikie punda shingo, akatoa damu kwa sindano. Kilichobaki kilikuwa mkojo. Hilo lilichukua saa nzima. Alisimama nyuma ya mnyama na beseni, akijikaza kisabuni, huku mjomba akipiga mluzi wa kumshawishi na mkewe akihesabu safari ambazo Mke Mwenza aliinua mkia kwa uongo. Mara moja haukuwa uongo ila haukuwa mkojo. Kinyaa alifuta kiatu kwa majani, akarudi mahali pake.

"Shukrani ya punda mateke," alisema mkewe mjomba. "Wewe leo umepewa na zaidi."

Mkojo ulipokuja hatimaye ulikuja kama bomba limepasuka, nusu ndani ya beseni na nusu mikononi mwake, wa moto. Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akaona uso wake, akaacha.

"Sema," alisema.

Kinyaa alikuwa amejiandaa njia nzima kwa maneno laini. Hakuna hata moja lililobaki.

"Si maradhi ya kamasi, mjomba. Haambukizi mtu. Mifupa yake inaliwa."

"Inaliwa na nini?"

"Na mwili wake mwenyewe." Akatafuta pa kushika. "Damu lazima iwe na kalsiamu, madini yale yale yanayoukaza mfupa. Bila kalsiamu damuni moyo haupigi sawasawa, misuli haivuti. Kwa hiyo mwili hauruhusu ipungue. Shingoni kuna tezi nne ndogo, ndogo kama punje za mchele, kazi yao ni kuionja damu mchana na usiku. Zikiona kalsiamu imeshuka, zinamwaga homoni. Homoni hiyo inaiambia mifupa: toeni. Inaziambia figo: kalsiamu msiimwage, mwageni fosfeti. Inaamsha na ile vitamini ya jua, ili utumbo uokote kila chembe ya kalsiamu inayopita."

"Vizuri basi. Si zinafanya kazi."

"Zinafanya. Ila chakula anachopewa kina fosfeti nyingi mno, na kalsiamu karibu hakuna. Fosfeti ikizidi inaikamata hata ile kalsiamu kidogo, isifike damuni. Utumbo unatafuta cha kuokota, haupati. Kwa hiyo tezi zinapiga kelele asubuhi, mchana, jioni, na anayezijibu ni mfupa peke yake. Ni kama mtu anayeng'oa mbao za paa ili moto wa jikoni usizimike. Chakula kinaiva, mjomba. Lakini nyumba inakwisha. Mfupa ukishaondoka mwili unajaza nyama ngumu ya nyuzi mahali pake, ndiyo hiyo umeona imevimba."

Mashine ndani ilikuwa imezimwa. Walisikika nzi tu.

"Chakula gani?" aliuliza mjomba.

Alikuwa anajua. Kinyaa aliona kwamba anajua, kwa jinsi alivyokataa kugeuka kulitazama lundo.

"Pumba, mjomba."

"Pumba ni chakula. Hata ng'ombe wanakula."

"Wanakula kidogo, pamoja na vingine. Yeye anakula nini kingine?"

Mkewe mjomba akajibu kwa niaba yake. "Hakuna. Mara tatu kwa siku. Anazilowanisha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, anamlisha kiganjani. Nyasi alisema ni chakula cha punda wasio na mwenyewe." Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani ni methali ya watu."

Mjomba akafungua hatamu polepole. "Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Umechoka. Unanuka." Akaingia chumba cha mashine na kuiwasha, ingawa hapakuwa na mteja.

Asubuhi ya Jumatano Kinyaa alipeleka vichupa kwenye maabara ya chuo chake, na alasiri akarudi na majibu ofisini. Bwana Mifugo alikuwa mezani, akichokonoa jino kwa kifuniko cha kalamu. Alikitoa, akakikagua kilichokuja nacho, akakirudisha mdomoni. Kinyaa alitazama ukuta. Ajabu ni kwamba asubuhi ile ile alikuwa ameosha kinyesi cha punda viatuni bila kusita, na sasa, mbele ya mtu huyu msafi, alikuwa akibana pumzi.

"Kalsiamu ya damu," alisoma Bwana Mifugo, "karibu ya kawaida." Akatabasamu. "Basi hadithi yako ya mifupa imeishia hapo, binti."

"Ni ya kawaida kwa sababu mifupa inaijaza, bwana. Tazama mkojo. Fosfeti inatoka kwa wingi kuliko inavyotakiwa. Figo zimeamriwa kuitupa."

"Na uso?"

"Pande zote sawa. Hakuna kidonda puani, hakuna mtoki. Nimeingiza mkono mdomoni. Magego yote ya juu yanacheza."

"Umeingiza mkono." Alimtazama mikono kana kwamba ingemrukia. "Sasa unataka nini?"

Hili ndilo alilokuwa amelikariri kwenye basi. "Nataka kuondoa sahihi yangu."

Bwana Mifugo akavuta fomu kutoka kwenye faili, akaisukuma mbele yake. Akaipiga kwa kidole kwenye nafasi iliyo wazi chini. "Sahihi haiondolewi kama inzi. Inaandikiwa sababu. Andika."

Alidhani hataandika. Kinyaa mwenyewe alidhani hivyo kwa muda mrefu, kalamu mkononi, masikio yakimwaka. Ofisi ndogo, mji mdogo, na yeye kazini miezi minne. Lakini kila alipoinua macho aliona kile kisanduku na alama yake safi, nyembamba, iliyochorwa juu ya tangi la pikipiki, na ikamjia ile sauti ndogo ya kuomba. Hakuna kitu katika mdomo wa yule punda kilichokuwa kichafu kama alama ile. Aliandika: *Nilisaini kwamba mnyama ameshikwa. Hakushikwa. Mimi sikumgusa kwa sababu niliona kinyaa.*

Bwana Mifugo alisoma, akasoma tena.

"Hii inanigusa na mimi."

"Ndiyo, bwana."

"Unaandika 'hakushikwa'. Ulipaswa kujitaja wewe tu."

"Tulikuwa wawili, bwana."

Uso wake ulifanya kitu, kama maziwa yanapokatika. "Kesho saa mbili nitakuwa pale na mpiga risasi," alisema, "mbele ya majirani walioandika barua. Utawaambia wao. Kama utaweza. Maana mimi sijakusikia ukisema maneno kumi mbele ya watu tangu uje."

Alhamisi watu walikuwa wameshajaa kwenye ukuta wa mashine, wengine wamejifunga vitambaa puani. Shimo lilikuwa limechimbwa nyuma, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Mpiga risasi, mzee mmoja mkimya wa halmashauri, alikaa juu ya ndoo, bunduki magotini, kama mtu anayesubiri kinyozi. Mjomba alisimama na Mke Mwenza. Hakuwa amenyoa. Hakumsalimu Kinyaa wala hakumkataza kupita.

"Haya," alisema Bwana Mifugo kwa sauti ya mkutano. "Msaidizi wangu ana jipya. Anasema punda huyu hana ugonjwa."

"Anao," alisema Kinyaa. "Hauambukizi."

"Sema kwa sauti, dada," mtu alisema ukutani. "Wengine hatuna masikio ya popo."

Hakuwa na sauti zaidi ya ile. Kwa hiyo akafanya kile ambacho mikono yake ilikwisha kujifunza. Akakunja mikono ya blauzi, akaacha glavu mfukoni, akaufungua mdomo wa Mke Mwenza na kuingiza mkono mtupu mpaka kiwikoni. Ukutani watu wakaguna kwa pamoja. Akatoa furushi lililooza, akalitupa chini, na harufu ikawafikia, wakarudi nyuma hatua moja. Kichefuchefu kilimpanda mpaka ulimini. Akameza.

"Angekuwa anaambukiza nisingethubutu," alisema. "Bwana, tafadhali. Bonyeza hapa."

Bwana Mifugo hakusogea.

"Fomu inasema umeshamshika," alisema Kinyaa, taratibu, kwa heshima yote aliyolelewa nayo. "Mara ya pili haitakuwa ngumu."

Mtu akacheka, kisha wawili, kisha ukuta mzima. "Mshike, bwana," walisema. "Si mchumba wako." Bwana Mifugo alitembea kama anapita juu ya mayai. Akanyoosha kidole kimoja, akakigusisha shavuni. Kinyaa akaweka kidole chake juu ya kile, akabonyeza vyote viwili, na akauona uso wa mkubwa wake kidole kilipozama mahali palipotakiwa kuwa na mfupa. Alikitoa kidole mbio. Akakifuta kwenye leso, akaikunja leso, akaikunja tena.

"Ni laini," alisema, sauti ya mkutano ikiwa imemtoka.

"Ndiyo, bwana."

Kisha akaupata tena ukubwa wake. "Sawa. Si kamasi, tuseme. Mfupa wa punda haulainiki wenyewe. Mimi siwezi kufuta amri kwa kuandika 'sijui'. Nani amemfanya hivi?"

Kinyaa akafungua mdomo.

Kusema kulikuwa rahisi kama kuvuta pumzi. Nusu ya mtaa ilikuwa pale, ile inayokoboa mahindi kwa mjomba, inayomwita baba, na mtu aliyemlea amesimama hatua mbili kutoka kwake, unga kwenye nyusi. Asiposema, mzee juu ya ndoo atasimama. Akisema, mtaa utakuwa na neno la kumwambia mjomba mpaka siku anazikwa. Alimtazama Mke Mwenza, akamtazama mjomba, na neno likakwama palepale ambapo harufu ilizoea kukaa.

"Chakula," alisema. "Pumba."

"Pumba za nani?"

Kinyaa akalitazama furushi lililokuwa chini.

"Nimekuuliza, binti. Pumba za nani? Nani alimlisha?"

Mpiga risasi akasogeza bunduki kutoka goti hili kwenda lile.

"Mimi," alisema mjomba.

Hakusema kwa sauti, lakini ukuta mzima ulisikia. Alikuwa ameinua mkono wa kulia, anautazama upande wa kiganja, na midomo yake imekunjwa kama ya mtu aliyeonja kitu kilichooza.

"Mara tatu kwa siku," alisema. "Kwa mkono huu. Alipoanza kuchechemea nikaongeza, nikasema anahitaji nguvu. Alipovimba uso nikaongeza, nikasema ananenepa. Andika hivyo, bwana. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja ukutani alishusha kitambaa chake kutoka puani, wengine wakafuata, wakatazama pembeni. Bwana Mifugo aliandika. Aliandika siku arobaini za kuangaliwa, nyasi kavu, chokaa ya mifugo kila siku ya kurudisha kalsiamu, pumba marufuku, kazi marufuku. Akasaini bila kumpa Kinyaa kalamu. Kisha akapanda pikipiki, akaondoka akiendesha kwa mkono mmoja, kidole kile kimesimama peke yake, mbali na vingine.

Mkewe mjomba aliwaamuru vijana wa ukutani wajaze shimo kwa lile lundo la pumba, kwa kuwa limeshachimbwa na wao wameshakuja. Kinyaa alifungua kifuko cha chokaa alichokuja nacho, akapima kijiko, akaichanganya na konzi ya nyasi zilizolowana. Akampelekea mjomba.

Mjomba aliirudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Mlishe wewe," alisema.

"Anakujua wewe, mjomba."

"Ndiyo maana."

Basi akamlisha yeye. Mke Mwenza alinusa, akaigeuzia shingo, akasukuma ile pua iliyovimba kwenye kifua cha mjomba, akitafuta kiganja. Akapapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia. Mjomba alisimama tu, mikono mgongoni, shati lake likilowa ute.

"Atapona?" aliuliza.

"Ataacha kuchechemea. Miezi michache. Tezi zikinyamaza mfupa utaanza kujijenga, utakuwa mgumu tena. Baadhi ya magego yatashika."

"Na uso?"

Kinyaa alikuwa na moyo mwororo. Alijua uongo mdogo uliokuwa ukitakiwa pale, na alijua ungepokelewa. Lakini alikuwa amekwisha kusaini uongo mmoja wiki ile, na ladha yake ilikuwa bado mdomoni.

"Hapana, mjomba. Utagandia hivyo hivyo. Hautarudi."

Mjomba aliitika kwa kichwa. Nzi mmoja alitua kwenye mfereji wa machozi wa punda, na yeye, bila kutoa mikono mgongoni, akampulizia.

"Kwa hiyo kila asubuhi nitauona," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Vyema," alisema, na akageuza uso wake pembeni, upande ambao harufu haikuwapo.